Mbao Lazima Zicheze

Mama yangu alikuwa na namna moja tu ya kupima nyumba: aliigonga. Siku aliyofika kwangu Brampton, nje kidogo ya Toronto, hata koti hajavua, alisimama kwenye korido akapiga ukuta kwa kifundo cha kidole, ko, ko, kama anayebisha hodi kwa jirani asiyemwamini. Akasogea kidogo, akagonga tena. Ukuta ukamjibu kwa sauti ya debe tupu. Akanigeukia kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "mnaishi ndani ya boksi."

Nikamweleza kwamba huku nyumba karibu zote ziko hivyo: fremu ya mbao ndani, jipsamu juu yake, na tofali la nje ni pambo tu. Hilo la tofali la pambo nisingelisema. Asubuhi yake alitoka na kandambili kwenye theluji, akaligonga na lenyewe, akarudi ndani akitikisa kichwa. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza, alimwambia, "Bibi, it's a normal house." Mama akamjibu, "Ndiyo, mjukuu wangu, la kawaida. Boksi la kawaida."

Niseme tunakotoka, mtu asije akamwona mama mjeuri. Sisi ni watu wa Mafinga, mkoa wa Iringa, nchi ya baridi na ya paini. Ukisimama popote unaona msitu wa kupandwa, na barabarani malori ya mbao hayaishi kwenda Dar. Marehemu baba alikuwa bwana miti. Maisha yake yote alipanda paini, akazipogoa, akazipima unene, akazungumza habari zake mezani mpaka tukachoka. Na bado, alipojenga nyumba yake, alijenga kwa tofali za kuchoma, kozi chache kila mwaka, pole pole, mpaka nikamaliza shule lenta ya juu ya madirisha haijafungwa. Kwetu mbao ni za kenchi za paa, za milango, za kitanda na za jeneza. Anayelala ndani ya kuta za mbao ni mlinzi wa shamba, au mtu aliyeanza maisha juzi, na watu wote wanamwombea atoke humo salama.

Kwa hiyo mama alipoona mtaa wa nyuma yetu unajengwa, mafundi wanasimamisha vijiti na kuvipigilia kwa bastola za misumari, na ndani ya wiki ghorofa limesimama, aliuliza kwa unyofu kabisa, "Haya mabanda ya kuku ni ya nani?" Nikakasirika. Hasira ninazo. Watu wa kwetu tunasifika kwa hasira nchi nzima, na sijawahi kuona sababu ya kuwabishia wanaosema.

Kilichoniuma si nyumba. Kilichoniuma ni kwamba mbao ndiyo kazi yangu.

Mimi ni mhandisi. Ofisi yetu ni ndogo, iko Toronto mjini, na tunachosanifu ni ile treni ya viwanja vya burudani inayopandishwa kilima kwa mnyororo, ikaachiwa iporomoke huku watu wazima wakipiga mayowe. Zipo za chuma tupu. Zetu ni za mbao. Kiswahili hakijazipa jina lililokaa vizuri. Wengi husema rola kosta na kuendelea na maneno yao. Mama aliiita bembea.

Ila kanisani hakusema bembea. Jumapili moja, baada ya misa ya Kiswahili, alikaa kwenye chai na bibi mmoja Mgoa, mzaliwa wa Tabora, aliyestaafu ukarani miaka mingi na bado anazungumza Kiswahili kitamu kuliko sisi. Bibi yule akauliza, "Na binti yako hapa, dada yangu, anafanya kazi gani?" Mama hakupepesa macho. "Anajenga madaraja," akasema. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sahani ya maandazi.

Ndani ya gari nikamkabili. "Mama, madaraja ya wapi?"

"Ulitaka nimwambie baba yako aliuza ng'ombe ukasomee bembea?"

Nikawasha gari. Nilikuwa nafikiri kwamba kwa kweli hakusema uongo. Rola kosta ya mbao ni daraja. Ni daraja refu lililojikunja kama utumbo, linaloanzia mahali na kuishia pale pale, na linalovukwa na watu ambao hawana safari.

Mama nilimleta kwa sababu ya baba. Baba alifariki ghafla wakati wa masika. Mpaka nipate tiketi, nibadilishe ndege, nipande basi la kutoka Dar, nilikuta kaburi limeshafunikwa na maua yameanza kunyauka. Watu wakanipa pole kwa upole ule unaomwambia mtu kwamba amechelewa. Mdogo wangu wa kiume yuko Mbeya na ana mambo yake. Mama alibaki peke yake kwenye nyumba ile ya tofali, na mimi tangu siku ile nikawa naogopa simu ikilia. Niliapa moyoni kwamba huyu hatanifia mbali. Hicho ndicho nilichokitaka mwaka ule wote, na sikutaka kingine: mama abaki kwangu. Kibali chake kilimruhusu kukaa miaka. Nikampa chumba kinachoingia jua, nikamtafutia unga wa ugali, nikamnunulia viatu vya theluji ambavyo alivipanga mlangoni na kuendelea na kandambili zake.

Kisha baridi ikakaza, na nyumba ikaanza kusema.

Aliyewahi kuishi huku anajua. Hewa ya ndani ikikauka na baridi ya nje ikizidi, mbao hujikunyata. Zinavutana na misumari, na zikishindwa kuvumilia zinaachia kwa mshindo, paa! kama bunduki darini. Alfajiri moja ilipiga mara mbili mfululizo. Nikamkuta mama amekaa jikoni, khanga begani, pochi yake mapajani, kama abiria wa basi la asubuhi.

"Nyumba yako inacheza," akasema.

Hapo lazima nisimame kwenye neno hili. Mhandisi hulichukua neno kama lilivyo. Kwa Kiswahili cha fundi, kucheza ni hukumu. Jino linacheza: litang'oka. Tairi linacheza: usisafiri. Meza inacheza: kunja karatasi uweke chini ya mguu kabla chai haijamwagika. Nyumba inacheza, akisema mwanamke aliyesubiri lenta miaka yote ile, maana yake ni kwamba mwanangu umefeli.

"Nyumba ya udongo haihimili vishindo," akaongeza, "na hii hata udongo haina. Nitakaa mpaka joto liishe. Baridi nyingine hainikuti humu."

Alisema kwa upole, na akisema kwa upole ndiyo amekata shauri. Nikatoka nikaenda kuzoa theluji ya mlangoni kwa nguvu nisizozihitaji.

Nikaanza vita na nyumba. Kila wikendi nilipiga magoti na mashine ya skrubu. Ngazi ikilia, nakaza. Sakafu ikilia, nakaza. Mama alinifuata nyuma kama msimamizi wa ujenzi, akikanyaga hapa na pale. Sebuleni tuliondoa ule ubao mwembamba unaofunika chini ya ukuta ili tuupake rangi, na mama akaona kitu: kati ya sakafu na ukuta palikuwa na mwanya. Akaingiza kidole.

"Fundi wako amekuibia. Tazama, kidole kinaingia. Hapa ndipo nyumba inapochezea."

Mwanya ule huachwa makusudi. Unaachwa kila nyumba yenye sakafu ya mbao. Nilijua, kama ninavyojua jina langu. Lakini nilimtazama mama ameinama pale, kidole ndani ya mwanya, na uso wake kwa mara ya kwanza tangu aje una matumaini kwamba tatizo limepatikana. Nikaenda dukani nikanunua gundi nzito ya kuzibia, nikaziba ukuta hadi ukuta. Mama akapitisha kidole juu yake, akasema, "Sasa ni nyumba." Nikalala na furaha kama mtoto aliyepewa sifa shuleni.

Ofisini, miezi hiyo hiyo, nilikuwa napigania kinyume chake.

Kulikuwa na rola kosta kuukuu ya mbao, nje ya jiji, mwendo mrefu wa gari kutoka kwangu, na wenyewe walitaka ijengwe upya sehemu kubwa. Mpango wa kwanza ulikuwa kung'oa njia ya mbao na kuweka ya chuma juu ya nguzo zile zile za zamani. Wengi wanafanya hivyo siku hizi. Chuma ni laini kupanda, hakilalamiki, na matengenezo ni machache. Mwenzangu wa meza ya pili, mtu mpole na hodari, aliutetea vizuri. Nikakataa kwa sauti ambayo, niliambiwa baadaye, ilisikika mpaka kwenye lifti.

Nilichotaka kutetea ni hiki. Njia ya treni ile ya mbao haikai juu ya ubao mmoja. Ni tabaka juu ya tabaka, zimebanwa pamoja, na juu kabisa pamelazwa ukanda wa chuma ambao magurudumu yanapita. Zamani mafundi walizikunja mbao hizo huko huko juu, kipande kwa kipande, wakifuata jicho na kamba. Siku hizi tunachora kila pindo kwenye kompyuta, tabaka zinagandishwa kwa gundi kiwandani, na mashine inakata kona kwa usahihi ambao mkono hauwezi. Kwa hiyo tunaweza kumwinua mtu kitini polepole na kumrudisha polepole, badala ya kumkung'uta kama gunia la mahindi. Tunachopima sana si kasi. Tunapima namna uzito wa mwili unavyobadilika: wapi mtu awe mzito, wapi awe mwepesi mpaka makalio yaachane na kiti, na ageuke baina ya hali hizo mbili bila shingo kuumia. Treni ina magurudumu juu ya reli, ubavuni mwake na chini yake pia, kwa hiyo hata ikitaka kuruka haiwezi. Hayo yote hata chuma kinayafanya.

Lakini chini ya njia kuna msitu. Nguzo kwa nguzo, na mbao za mshazari zinazozishika, za paini iliyotiwa dawa, na msingi wa zege uliochimbwa kupita kina ambacho ardhi huganda. Treni ikipita, msitu ule wote unajongea. Ukisimama kileleni unahisi umeenda upande na kurudi. Mgeni huogopa. Sisi tumeupigia hesabu mjongeo huo kabla ubao wa kwanza haujakatwa. Tundu la bolti tunalitoboa kubwa kidogo kuliko bolti yenyewe. Nati tunaikaza, tena na tena kadiri mbao zinavyokauka, lakini haikazwi kupita kiasi, maana washa, ile pete ya chuma chini ya nati, itazama ndani na kuvunja nyuzi za ubao. Mbao huvimba mvua ikinyesha na hunywea jua likiwaka, na ukizinyima nafasi ya kufanya hivyo zitaichukua kwa nguvu, yaani zitapasuka. Kishindo cha treni kinagawanywa. Kila kiungo kinachukua chake kidogo na kupitisha kilichobaki, mpaka kinafika ardhini kimechoka.

"Lazima zicheze," niliwaambia kwa Kiingereza changu cha hasira, na moyoni nililisikia neno lenyewe kwa Kiswahili. Wakanikubalia nusu: pindo la mwisho lingekuwa la chuma, vilima vyote vya mbao. Nusu si haba. Jioni nikarudi Brampton nikakuta mama ananisubiri na ngazi moja aliyoigundua inalia. Nikaikaza.

Ikaja Julai na joto lake la majimaji. Siku moja narudi kazini, nafungua mlango, naona sakafu ya sebule imeinuka katikati, mbao zimesimama migongo kama chapati inayovimba kwenye kikaango. Kiti cha mama kimeegemea upande. Mama mwenyewe amekaa kwenye ngazi na binti yangu, wote wawili wanaitazama.

"Imeanza saa ngapi?" nikauliza.

"Since lunch," binti yangu akasema.

"Ilikuwa inapanda tu," mama akasema. "Tulidhani itashuka."

Nilisimama pale, mimi, mwenye shahada, mwenye muhuri wa mhandisi, niliyetoka kugombana na ofisi nzima juu ya nafasi ya kuvimba. Mbao zilikuwa zimevimba zikatafuta mwanya wao, zikaukuta umezibwa gundi, zikaenda juu. Nilitaka kukasirika na mtu lakini hapakuwa na mtu. Nikacheka. Binti yangu akacheka, kisha mama, ambaye alikuwa anangoja ruhusa. Tulicheka mpaka mama akashika ubavu.

Jumamosi nilileta msumeno nikakata pembeni yote, sentimeta kwa sentimeta, nikaung'oa ule utepe wa gundi. Mama alinishikia taa. Nilimweleza hapo chini, magoti yakiniuma, yale niliyokuwa sijawahi kumweleza kwa utulivu: mbao hazifi zikikatwa, zinaendelea kunywa na kukauka, na fundi mzuri huziachia pa kwendea. Baada ya siku kadhaa mbao zikaanza kushuka zenyewe, moja moja. Asubuhi mama alizikanyaga kwa kandambili akasema "Hm." Kwa mama, "hm" ni hotuba. Lakini sanduku lake alikuwa ameshalitoa chini ya kitanda, na zawadi za watu wa nyumbani zilikuwa zinaingia humo kimya kimya.

Mwisho wa kiangazi rola kosta yetu ikawa tayari. Kwa siku nyingi treni ilikuwa imezungushwa ikibeba masanamu yaliyojazwa maji badala ya watu, na sisi tukisoma vipimo. Asubuhi treni ilikwenda taratibu, mchana grisi ikishapata joto ilikwenda kasi, kama watu. Kabla ya kufunguliwa kwa wote, tukapewa siku ya kuleta familia. Sikumwomba mama aje. Nilimwambia tu kwamba ipo, nikajifanya natafuta funguo.

Alikuja. Alivaa kitenge chake cha harusi za watu na khanga kiunoni. Tulipotokeza kwenye maegesho na kile kitu kikaonekana chote, vilima vyeupe vya mbao mpya juu ya miti ya kawaida, mama alisimama. Niliona midomo yake inatembea. Nadhani alikuwa anasali, au anakadiria ni malori mangapi.

Binti yangu alipanda kwanza na watoto wa wenzangu. Mama alimfuata kwa macho mzunguko mzima, mkono kifuani. Binti alishuka nywele zimesimama, anacheka. Mama akampa pochi.

"Nishikie," akamwambia. "Na miwani. Zisipotee."

"Bibi, you don't have to."

"Nani amesema lazima?"

Tukakaa wawili, mama na mimi, chuma cha mapajani kimeshuka. Nilimkagua mara mbili, nikamwambia kijana wa zamu naye amkague. Mnyororo ukatushika tukaanza kupanda, na chini yetu ikaanza ile sauti ya ka-ka-ka-ka. Nikamwambia mama hayo ni meno ya kuzuia, ili mnyororo hata ukikatika treni isirudi nyuma. Akasema, "Nyamaza." Juu kabisa palikuwa na upepo, na tukaona mashamba ya mahindi, na mbali sana ukungu wa jiji. Nguzo zikajongea chini yetu. Nilijua zitajongea kiasi gani, na bado nilishika mkono wake, au yeye aliushika wangu.

Tukaporomoka. Watu wa mbele wakapiga mayowe. Mimi nilifumba macho, kwa sababu saa ile sikuwa mhandisi, nilikuwa mtoto mwenye mama yake pembeni. Ndipo nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwenye chombo kile wala sitegemei kukisikia tena. Mama alikuwa anapiga vigelegele. Kilima cha kwanza, vigelegele. Pindo, kimya, anavuta pumzi. Kilima cha pili, vigelegele tena, virefu, vile vya bibi harusi anapotoka ndani, na mimi nikawa nalia na kucheka kwa pamoja na upepo unayabeba machozi kwenda kwa waliokaa nyuma.

Aliposhuka hakwenda kukaa. Alikwenda moja kwa moja mpaka penye uzio, pale ambapo nguzo moja inafikiwa na mkono, akaweka kiganja juu yake. Treni nyingine ikapita juu. Akangoja mpaka imalize.

"Inacheza," akasema.

Nikapasuka. Mwaka mzima ule ukatoka mdomoni. Nikamwambia bila shaka inacheza, imetengenezwa icheze, asiyecheza ndiye anayevunjika. Nikamweleza matundu ya bolti na upepo na nyuzi za ubao. Nikamwambia hakuna kitu nitakachojenga duniani kikamtosha, hata nikijenga kwa mawe atakigonga. Wenzangu, ambao hawakuelewa hata neno, walianza kutazama viatu vyao.

Mama alisubiri. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nimesema inacheza. Sijasema imelegea." Kiganja chake kilikuwa bado juu ya nguzo. "Ngoma ikipigwa, mwanangu, watu wanafanya nini?"

Mimi ninayemsahihisha binti yangu Kiswahili kila siku ya Mungu, nimekaa kwenye vyuma na hesabu mpaka kwenye neno lile nikabakiwa na maana moja tu, ile ya jino bovu. Nyingine, ya watoto uwanjani na ya watu wazima harusini, nilikuwa nimeiacha Mafinga.

"Mama, she got you," binti yangu akasema, na kwa mara ya kwanza sikumwambia aseme kwa Kiswahili.

"Ni paini hii?" mama akauliza.

"Ni paini."

"Baba yako angeikumbatia." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Alipanda zile zote, na hakuwahi kuziona zikicheza."

Nikarudi kwenye usukani na furaha nisiyoweza kuieleza. Nilikuwa na hakika kwamba nimeshinda. Tulipoingia barabara kuu, malori ya maghala ya Brampton kulia na kushoto, nikauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za chakula, "Basi sasa utabaki, mama. Mbao si umeziamini?"

"Mbao nimeziamini tangu siku ile uliyokata sakafu," akasema. "Baridi ikianza naondoka."

"Kwa nini, kama si nyumba?"

"Nyumba ilikuwa maneno ya kusema. Baba yako nani anamfagilia kaburi?"

Nikasema mdogo wangu yuko Mbeya, anaweza kwenda kufagia, nikasema watu wanaweza kulipwa wafagie, nikasema mengi. Kisha likatoka lile lenyewe, kwa hasira, maana sikuwa na njia nyingine ya kulitoa. "Na wewe ukifa huko, je? Nikija nikute maua yamenyauka tena?"

Nyuma binti yangu aliacha kugusa simu yake. Mama hakukasirika. Alitazama lori lililokuwa linatupita, lote, mpaka mwisho wake.

"Utachelewa," akasema. "Kwa baba yako ulichelewa, na kwangu utachelewa. Ni mbali, mwanangu, si kosa la mtu. Ukichelewa, njoo hivyo hivyo. Kaburi halihami."

Nikahamia njia ya pembeni, nikapunguza mwendo.

"Sakafu umeiachia mwanya," mama akasema. "Na mimi usinitie gundi."

Nililia nikiendesha, waziwazi, na mama akanipangusa shavu kwa khanga ile ile ili nione njia.

Aliondoka majani yalipoanza kudondoka. Uwanja wa ndege, kabla ya kuingia ndani, aliigonga nguzo moja nene kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Zege," akasema kwa kuridhika, akaniaga.

Sasa ni baridi tena. Asubuhi, mbao zikipiga mshindo darini, huku natengeneza chai na kule ni alasiri, nampigia. Haniulizi tena kama hatujambo.

"Nyumba inacheza?" anauliza.

"Inacheza, mama."

"Haya," anasema, na nasikia ufagio wake unaanza tena.